Kadi ya Sauti Haina Kosa

Kwa siku mbili za mwezi Februari kompyuta yangu ilikuwa bubu, na kila nilipoiuliza ina nini, ilinijibu kuwa haina jambo.

Ni kompyuta mpakato ya mtumba. Nilifuta mfumo uliokuja nao nikaiwekea Linux, kwa kuwa Linux ni ya bure na hailemei mashine iliyozeeka. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kufanya kazi niliyoiahirisha kwa miezi saba: kunukuu rekodi nilizochukua Pangani kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Tasnifu inahusu msamiati wa ususi wa ukili na mikeka. Rekodi zilikuwa tisa, nyingi za zaidi ya saa nzima, na sita kati yake ni za bibi yangu mzaa mama, ambaye amesuka tangu hajavunja ungo. Msimamizi wangu alitaka unukuzi wote uwe kiambatisho. Nilikuwa na wiki tatu.

Rasimu yenyewe ilikuwa imeshaandikwa, kwa kutegemea daftari nililokuwa nikiandika wakati wa mahojiano. Katika sura ya tatu kuna sentensi hii: "Mtafiti alisikiliza rekodi zote na kuzinukuu neno kwa neno." Niliiandika mapema kwa sababu sentensi hiyo lazima iwemo katika sura ya tatu, na kwa sababu nilikuwa na nia ya kweli ya kuifanya iwe kweli.

Nilibofya rekodi ya kwanza. Kihesabu cha muda kikaanza kwenda. Mawimbi kwenye kioo yakapanda na kushuka pale ambapo najua Bibi alikuwa anaongea. Sauti haikutoka.

Asiyewahi kutumia Linux anaweza kudhani sauti ni kitu kimoja: inatoka au haitoki. Kumbe ni msafara. Ukibofya rekodi, programu ya kuichezea haipeleki sauti popote. Inapeleka namba, mara nyingi 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, kushoto na kulia. Namba hizo zinapokelewa na mtumishi wa sauti, ambaye siku hizi katika kompyuta nyingi za Linux ni PipeWire, kazi iliyoanzishwa na Wim Taymans, ikarithi nafasi ya PulseAudio ya Lennart Poettering. Mtumishi huyu anachanganya namba za programu zote zinazotaka kusema kwa wakati mmoja, kisha anaikabidhi ALSA. ALSA ilianzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998, na tangu toleo la 2.6 la kiini cha Linux, lililotoka Desemba 2003, ndiyo mlango wa sauti ulio ndani ya kiini chenyewe. Kutoka hapo namba zinawekwa mahali katika kumbukumbu ya kompyuta ambapo kadi ya sauti inakuja kuzichota yenyewe. Chipu inazigeuza kuwa umeme, kikuza sauti kinaukuza umeme, na utando wa spika unatikisika. Hapo ndipo hewa inaposogea, na sikio, kama lipo, linasikia.

Nilianza kukagua kutoka chini. Kadi ipo? Amri ya lspci ikaniambia ipo. Kiini kinaijua? Amri ya aplay -l ikaitaja kwa jina na namba. Kumbukumbu za kiini hazikuwa na hata mstari mmoja wa kosa. Nikafungua alsamixer, ule ukurasa wa nguzo za viwango ambao kila mwenye Linux anafika siku moja. Njia iliyozibwa huandikwa MM chini yake, na hapo nikaiona MM chini ya nguzo ya spika. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti. Nikabonyeza herufi M, njia ikafunguka, nikapandisha kiwango mpaka 100. Kimya.

Nikashuka zaidi. Ndani ya /proc/asound kuna faili dogo linaloeleza hali ya mkondo wa sauti wakati huohuo unapotiririka. Nililifungua huku rekodi ya Bibi ikiwa "inacheza". Liliandika RUNNING, yaani inakwenda, na chini yake kulikuwa na namba inayopanda kila nilipolifungua upya, ushahidi kwamba kadi inachota ilichowekewa. Nikapanda juu tena, kwenye PipeWire. Nayo ilikuwa imeshapokea, imeshachanganya, imeshakabidhi. Nikahofia labda sauti inatumwa kwenye waya wa televisheni, kwa televisheni isiyokuwepo, jambo linalotokea sana. Hapana. Kwenye ukurasa wa mipangilio, mahali pa kutokea sauti paliandikwa Headphones. Niliona neno hilo. Nilidhani ni jina tu la njia, kama barabara inayoitwa Barabara ya Bandari hata pale ambapo hakuna bandari. Nikalipita.

Siku ya pili nilianza kuona kitu kilichonisumbua kuliko ule ukimya. Hakuna aliyekuwa ananidanganya. Kila tabaka nililoliuliza lilikuwa limefanya sehemu yake kwa uaminifu, na lilikuwa na ushahidi. Programu ilituma. PipeWire ilikabidhi. ALSA iliweka. Kadi ilichota. Kila mmoja angeweza kuapa mahakamani. Kilichokosekana ni hewa kutikisika, na katika msafara wote ule hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia kama hewa imetikisika. La ajabu ni kwamba kompyuta ileile ina maikrofoni juu ya kioo, karibu kabisa na spika. Ingeweza kujisikia kuwa iko kimya. Hakuna aliyeiagiza isikilize.

Aliyenitoa gizani ni mwenzangu wa chumba, anayesomea uhasibu na asiyetaka kujua lolote kuhusu ALSA. Alirudi jioni, akaniona bado niko palepale na maandishi meupe kwenye kioo cheusi, akatoa hedifoni zake mfukoni. "Hebu jaribu na hizi." Zangu zilikatika waya mwezi Januari, ndiyo maana sikuwa nimejaribu. Nilizichomeka ili asinisumbue zaidi, na Bibi akaniambia masikioni, bila kupaza sauti: "... mpaka unyauke, ndo uuchane."

Alikuwa anaongea muda wote.

Maelezo ni mafupi. Ndani ya tundu la hedifoni kuna kibati kidogo. Pini ikiingia inakisukuma, chipu inajua kwamba mtu amechomeka, na mara moja inazinyamazisha spika. Mpangilio huo katika alsamixer unaitwa Auto-Mute. Ni mpangilio wa kistaarabu kwa kweli: mwenye hedifoni anataka kusikia peke yake, basi wengine wasisumbuliwe. Kwenye kompyuta yangu kibati kilikuwa kimepinda au kimebanwa na uchafu, kikabaki kinasema pini imo. Hata pale nilipofungua njia ya spika kwa mkono wangu, chipu iliendelea kuziziba, kwa heshima, kwa ajili ya msikilizaji aliyedhaniwa yupo. Sauti ya Bibi ilikuwa inafika hadi mwisho kabisa wa tundu, siku mbili nzima, kwenye masikio ambayo hayakuwepo.

Nililichokonoa tundu kwa kijiti cha meno. Halikusikia dawa. Nikaazima zile hedifoni kwa usiku huo.

Rekodi ya tatu, dakika ya arobaini hivi, Bibi anazungumzia rangi. Ameshaeleza namna ya kuchemsha ukindu na rangi, ametaja mikeka ya harusi aliyoisuka, kisha anasema, nanukuu neno kwa neno kama sura ya tatu inavyodai: "Siku hizi nasuka mweupe mtupu. Rangi zanitatiza. Na upande huu wa kushoto mtu akija namsikia nyayo, simwoni hata afike hapa mbele."

Kisha inakuja sauti ya kijana, changamfu, karibu na maikrofoni. Anauliza: "Mweupe? Kwa hiyo ukili usiotiwa rangi unaitwa mweupe?"

"Eeh," anasema Bibi. "Mweupe."

Katika daftari langu la Julai ukurasa huo upo. Nimeandika: *mweupe – ukili usiotiwa rangi*. Pembeni nimechora nyota, kwa sababu nilipenda jinsi kivumishi kilivyosimama peke yake kama nomino. Kuhusu upande wa kushoto sikuandika kitu.

Nilirudisha nyuma mara nne au tano. Si kwamba sikusikia siku ile. Nilikuwa na hedifoni masikioni, nikipima kama sauti inaingia vizuri. Kila neno lake lilipita katika masikio yangu likiwa safi kuliko lilivyompata yeyote mwingine pale uani. Lakini nilikuwa nimechomekwa kwenye tasnifu. Yaliyokuwa ya msamiati yalipita, mengine yakazibwa, na mimi mwenyewe sikujua kama kuna kilichozibwa. Jioni ile niliandika kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, pamoja na picha ya Bibi ameshika mkeka: "Bibi hajambo, anawasalimu sana."

*Hajambo.* Mwanafunzi wa isimu hapaswi kulipita neno hilo bila kulitazama. Hana jambo. Ni kanusho: mtu huyu hana kitu cha kuwaambia watu. Na mimi, ambaye nilikuwa nimetoka kurekodi jambo lake, nilitangaza kwamba hana.

Asubuhi nilimpigia Mama, aliyeko Tanga mjini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, bila ukali, na hilo ndilo linaloniuma: "Si ulisema hajambo?"

Bibi alipelekwa kwa daktari wa macho wiki iliyofuata. Ni presha ya macho, ugonjwa ambao mara nyingi hauna maumivu na huanza kula pembeni, ili mtu aendelee kuona cha mbele na kudhani anaona. Alipewa dawa ya matone. Matone yanashusha presha na kulinda kilichobaki. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama alimuuliza daktari kama ingekuwa vingine tungewahi miezi saba kabla. Kwa jinsi alivyonisimulia, daktari alisema wakiwahi huwa ni bora, akaandika tarehe ya kurudi.

Kisha likaja swali la Mjomba. Aliliuliza kwa simu Jumapili jioni, sote tukiwa kwenye mstari mmoja: "Imekuwaje watu wote sisi tusijue?"

Ningependa kusema kwamba tulijibu vibaya, kila mtu akajitetea kwa uongo. Haikuwa hivyo. Mjomba mwenyewe, aliyeko Dar es Salaam, hajakosa mwisho wa mwezi hata mmoja kutuma fedha za matumizi na dawa. Ujumbe wa M-Pesa upo. Mama anapiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Binamu yangu anayeishi na Bibi alimpeleka zahanati mara mbili mwaka jana, akapimwa presha ya damu, ikawa nzuri, na cheti alikuwa nacho. Alikuwa ameona pia kwamba Bibi anajigonga kwenye kizingiti cha mlango. Aliona ni uzee, akakihamisha kinu kilichokuwa njiani. Mimi nilikaa naye siku sita. Nilikuwa na picha, na rekodi, na tarehe.

Niliwasikiliza na nikaliona lile faili dogo la /proc/asound. Kila mmoja RUNNING.

Waswahili tuna kauli ya kumwondolea lawama mtu wa katikati: mjumbe hauawi. Ni kauli ya haki. Aliyetumwa na neno asipigwe kwa uzito wa neno. Lakini nadhani kauli hii inadhani kitu kisichosemwa, kwamba mwanzoni mwa safari kuna aliyetuma na mwishoni kuna aliyepokea, na hao ndio wenye neno. Vipi ikiwa njia nzima ni wajumbe watupu? Mama ni mjumbe wa Mjomba, mimi mjumbe wa Mama, binamu mjumbe wa wote, na kila mmoja amefikisha alichopewa. Hakuna wa kuuawa. Na jicho la Bibi linakwenda.

Nilisoma kidogo. Mwaka 1980 mwanafalsafa wa siasa wa Marekani, Dennis Thompson, aliandika makala kuhusu tatizo alilolipa jina la mikono mingi. Alikuwa anawafikiria maafisa wa serikali, ambao uamuzi mmoja hupita kwao kumi au ishirini hata mtu asijue ni wa nani. Alikataa njia mbili za mkato: kumbebesha aliye juu peke yake, na kulibebesha kundi zima kwa mkupuo. Ya kwanza inamwonea mtu, ya pili inawaachia wote. Akataka mtu mmoja mmoja apimwe kwa alichokijua na alichoweza kufanya, hata kama mikono yake ilikuwa miwili kati ya mingi.

Nilipojipima kwa kipimo hicho sikupenda nilichokiona. Mama hakuwa na neno la Bibi kuhusu upande wa kushoto. Mjomba hakuwa nalo. Binamu alikuwa na kizingiti na kinu, vipande tu. Neno lenyewe, zima, kwa kauli ya mwenyewe, lilikuwa kwangu, limehifadhiwa katika nakala mbili. Wengine walikuwa wajumbe. Mimi nilikuwa kile kibati. Kibati hakipitishi ujumbe wa mtu mwingine. Kinaulizwa kuna nini hapo, na kila tabaka la juu linaamini kitakachosema. Ndiyo maana nikikisoma kisa changu kama cha mikono mingi naona najipunguzia.

Lakini hata hapo sijatua. Kibati kilisema kilichokisukuma. Nikiulizwa leo kama mwaka jana nilidanganya nilipoandika "hajambo", nitasema hapana, na nitakuwa nasema kweli. Nililiamini neno lile kwa moyo wote. Je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa jambo aliloliamini kwa moyo wote, wakati ushahidi wa kinyume uko mfukoni mwake? Naelekea kusema ndiyo. Kutokujua kwangu hakukuwa bahati mbaya kama kutokujua kwa Mjomba. Nilikuwa nimekutengeneza, kwa kuchagua mapema kitakachohesabika kuwa ni maneno. Ila natambua pia kwamba bila kuchagua namna hiyo hakuna utafiti, na pengine hakuna usikilizaji wowote. Anayesikiliza kila kitu kwa uzito mmoja hasikii chochote. Hapa huwa nakwama. Huwa nafungua alsamixer bila sababu na kuzitazama nguzo.

Watu wa kompyuta walishaligusa jambo hili kwa upande wao. Mwaka 1984 Jerome Saltzer, David Reed na David Clark walichapisha makala ambayo wanafunzi wa mitandao bado wanaisoma. Mfano wao ni wa kuhamisha faili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Unaweza kuufanya kila mkono wa njiani uwe mwaminifu, ukague na kukagua tena, na bado faili likafika limeharibika, kwa sababu limeharibikia kabla ya kutoka au baada ya kufika. Kwa hiyo uhakika wa mwisho hauwezi kutolewa na walio katikati. Lazima zile ncha mbili zenyewe zikaguane.

Nilipoisoma nilidhani nimepata jawabu kwa familia yetu: basi, mtu amuulize Bibi mwenyewe. Halafu nikakumbuka jinsi tunavyomuuliza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe je, hujambo?"

"Mie sijambo."

Tumekagua ncha kwa ncha, na jibu limerudi kuwa hakuna jambo. Wala Bibi hakuficha. Kila aliyelelewa katika Kiswahili anajua kwamba *sijambo* ya kwanza si taarifa ya afya. Ni kubisha hodi na kukaribishwa. Mgonjwa aliye kitandani husema hajambo. Habari hasa inakuja baadaye, ikitanguliwa na *ila*: sijambo, ila mguu. Njema, ila huyu mtoto hajala tangu jana. Na kwa wazee wengine hata *ila* haiji. Linakuja ubavuni, likiwa limevaa nguo ya habari nyingine, kwa mfano habari ya rangi za ukindu. Ili ulipate inabidi uwe bado umekaa, mikono haina kazi, na huna orodha ya maswali. Simu ya dakika mbili inaishia kwenye hodi. Sote tulikuwa tunabisha hodi kwa Bibi kila wiki na kuondoka mlangoni, tukiambizana kwamba nyumbani kwake tumefika.

Mahojiano yangu yalikuwa ya saa nzima na zaidi, na bado nilifanya vilevile.

Mjomba siku ile hakupata jibu la swali lake. Mstari ulikatika, akapiga tena, tukaongea kuhusu nauli na nani atampeleka Bibi tarehe ya kurudi. Mama alisema mimi, nikasema sawa. Nadhani hakuna aliyekuwa ananiadhibu. Nilikuwa tu mwenye likizo.

Sura ya tatu nimeibadilisha. Sentensi ile sasa inasema rekodi zilisikilizwa mwezi Februari na Machi, baada ya rasimu ya kwanza kuandikwa. Msimamizi aliizungushia duara akauliza kama maelezo hayo yana umuhimu. Nimeyaacha. *Mweupe* nimeibakiza kwenye faharasa kwa sababu ni neno la kweli na maana niliyoiandika ni sahihi. Ile sehemu ya upande wa kushoto nimeitoa kwenye kiambatisho, baada ya kumuuliza mwenyewe. Alishangaa kwamba ilikuwemo. Alisema yale alikuwa ananiambia mimi.

Kompyuta sikuipeleka kwa fundi. Nilizima Auto-Mute, kisha nikachagua spika kwa mkono kwenye mipangilio, na tangu hapo inasema kwa sauti. Nilijua nimeziba pengo tu. Kibati bado kinaamini pini imo. Nilichosahau ni upande wa pili wa matengenezo hayo. Wiki iliyopita nilinunua hedifoni mpya, nikakaa maktaba, ghorofa ya pili, mahali ambapo hata kufungua zipu ya begi kunageuza vichwa. Nikazichomeka, nikavaa, nikabofya rekodi ya tano. Kimya. Moyo ukashtuka. Nikapandisha sauti, nikapandisha tena mpaka mwisho, na bado masikioni hamna kitu, ila niliona dada wa meza ya mbele ameinua kichwa, kisha na mwingine. Kwa kompyuta yangu hakuna kilichobadilika: pini ilikuwa imo tangu zamani, na mwenye nyumba alishaamuru spika. Nilipovua hedifoni, ukumbi mzima ulikuwa unamsikia Bibi akimkaripia mbuzi aliyepanda juu ya ukindu uliokuwa unaanikwa. "Shii! Toka! Mtoe huyo, we mume wangu, usimtazame tu!"

Mtu mmoja alicheka. Nilichelewa kidogo kusimamisha.